Fedha za umma kwa kiwanda kidogo kinachoacha daftari: mwongozo kamili wa Tanzania Bara

Mwongozo huu unawahusu wenye viwanda vidogo na watoa huduma wa Tanzania Bara wanaotaka kuhamisha kazi yao kutoka kwenye daftari na kumbukumbu za kichwani kwenda kwenye mizani ya kidijitali, simu janja, kompyuta na malipo ya mtandao, lakini hawana mtaji wa kununua vifaa hivyo. Mfano mkuu utakuwa kikundi cha kukamua alizeti mkoani Singida, kwa sababu katika kazi hiyo faida na hasara zote hupita kwenye mizani, na pale mizani inapokosea, kikundi hufanya kazi msimu mzima bila kujua fedha zake zimekwenda wapi. Mara mojamoja nitagusa kikundi cha ushonaji, ili wenye kazi nyingine nao waone jinsi hatua hizi zinavyowahusu. Takwimu za bei nitakazotumia ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke za kwake.

Jambo moja lifahamike kabla ya yote. Sehemu kubwa ya fedha za umma zinazoweza kumfikia mwenye kiwanda kidogo ni mkopo, hata pale usipokuwa na riba. Kwa hiyo swali la msingi ni kama kifaa mnachotaka kununua kitazalisha fedha ya kujilipia katika miezi ileile ambayo marejesho yatadaiwa. Kupata fedha ni jambo la pili. Nimeona vikundi vyenye bidii vikivunjika kwa sababu vilifurahia kompyuta tatu mpya na havikujiuliza swali hilo.

Hatua ya kwanza: kujua mfuko upi ni wa nani

Mfuko wa karibu zaidi ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia hiyo kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisitishwa mwezi Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi za usimamizi kuonekana, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 chini ya utaratibu mpya wenye ukaguzi mkali zaidi. Ukali huo msiuchukie. Kikundi chenye kumbukumbu safi sasa kina nafasi kubwa kuliko zamani, kwa kuwa anayesoma maombi ana sababu ya kutafuta ushahidi.

Mfuko wa pili uko SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. SIDO husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Wajasiriamali, unaojulikana kwa kifupi chake cha NEDF, ambao umekuwapo tangu mwaka 1994. Mkopo wake una riba, lakini mwombaji anaweza kuwa mtu mmoja mwenye biashara yake, na maofisa wa SIDO wa mkoa huzijua mashine za uzalishaji kwa karibu. Hata kama hamtakopa hapo, nendeni mkaombe ushauri.

COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, hutoa ruzuku kupitia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, lakini ruzuku hiyo ni kwa utafiti na ubunifu. Kama mmebuni kifaa kipya cha kupima unyevu wa mbegu, hapo ni mahali penu. Kama mnataka kununua mizani iliyopo dukani, msipoteze miezi huko. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, hautoi fedha kwa viwanda, bali hutoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zijenge minara vijijini, na mwezi Mei 2023 mikataba ya minara 758 ilisainiwa Dodoma. Hata hivyo unawahusu, kwa sababu kabla ya kununua programu inayotegemea intaneti ni lazima mjue kama kata yenu ina mtandao wa kutosha au bado inasubiri mnara. Kwa ndugu zetu wa Zanzibar, sheria ya halmashauri za Bara haiwahusu. Mlango wao ni Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar, ZEEA.

Hatua ya pili: kupima hasara kwa wiki nne

Hii ndiyo hatua ambayo vikundi vingi huiruka, nami naona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kabla ya kutaja kifaa chochote, kaeni wiki nne mkiandika kile kinachopotea. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa kiwanda cha alizeti kauli hiyo ni ya kweli kabisa.

Chagueni mtu mmoja, si wawili, awe na daftari moja lenye safu tano: tarehe, uzito uliolipiwa kwa mkulima, uzito halisi baada ya kupima upya, lita za mafuta zilizotoka na kilo za mashudu, yaani mabaki ya mbegu baada ya kukamuliwa. Uzito halisi upimeni kwa mizani ya kuazima iliyohakikiwa, hata kama ni kwa siku chache za kila wiki. Msichague siku nzuri wala siku mbaya. Pimeni siku yoyote mizani inapopatikana. Gunia lililokuja na lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo cha kawaida, lipimwe na kuandikwa kama lilivyo, kwa maana lumbesa humpunja mkulima na huvuruga hesabu zenu pia.

Tuchukue kwamba kiwanda kinapokea magunia 200 kwa mwezi wa msimu, na baada ya wiki nne mnagundua kuwa mizani yenu ya zamani inazidisha wastani wa kilo moja na nusu kwa kila gunia, yaani mnalipia kilo ambazo hazipo. Hizo ni kilo 300 kwa mwezi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 900 kwa kilo, mnapoteza shilingi 270,000 kila mwezi, na katika msimu wa miezi mitano mnapoteza shilingi 1,350,000. Takwimu hii moja ina nguvu kuliko kurasa kumi za maelezo kuhusu umuhimu wa teknolojia. Afisa wa halmashauri anayesoma maombi mengi kwa siku ataielewa mara moja, na zaidi ya hapo ninyi wenyewe mtajua kikomo cha fedha mnayopaswa kukopa.

Inaweza pia kutokea kwamba mizani yenu ni sahihi na hasara iko kwingine, kwa mfano kwenye mashudu yanayouzwa kwa mkopo bila kuandikwa, au kwenye mbegu zenye unyevu mwingi zinazotoa mafuta machache. Basi kifaa mnachohitaji ni kingine. Kikundi kimoja cha ushonaji nilichokaa nacho kilikuwa kimeshaamua kununua kompyuta ya kuchorea mitindo, lakini wiki nne za daftari zilionyesha kuwa hasara yao kubwa ilikuwa vitambaa vinavyokatwa bila kipimo cha mteja kuandikwa vizuri, nguo ikarudishwa na kushonwa upya. Simu moja na fomu rahisi ya vipimo, yenye picha ya kila mteja aliyekubali kupigwa picha, ilitatua tatizo lao. Kompyuta hawakuinunua.

Hatua ya tatu: kuchagua kifaa na kupata bei

Baada ya hasara kujulikana, tafuteni kifaa kinachoiziba na si zaidi. Ombeni ankara kifani, ile ambayo wauzaji huiita profoma, kutoka kwa wauzaji watatu walio na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na wanaotoa risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi. Kila ankara ionyeshe aina ya kifaa, dhamana ni ya muda gani na nani atakayekitengeneza kikiharibika. Swali hilo la mwisho liulizeni kwa mkazo. Mizani ambayo fundi wake yuko Dar es Salaam peke yake inaweza kusimamisha kiwanda cha Iramba, Singida, kwa wiki mbili katikati ya msimu.

Mizani yoyote inayotumika kununulia au kuuzia ni lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na kuwekewa alama yao kabla ya kuanza kazi, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti. Kwa upande wa programu ya hesabu, ulizeni mambo matatu: je, inafanya kazi intaneti ikikatika, je, mnaweza kuzitoa kumbukumbu zenu zote na kuondoka nazo siku mkiacha kuilipia, na je, ada ni ya mara moja au ya kila mwezi? Programu yenye ada ya kila mwezi ni deni jingine pembeni ya deni. Kwa kikundi kinachoanza, jedwali la hesabu kwenye simu au kompyuta, likiwa limepangwa vizuri, hutosha kwa mwaka wa kwanza.

Kwa malipo, chukueni lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu, kwa jina la kikundi, kamwe si kwa jina la mweka hazina. Taarifa ya miamala ya lipa namba ndiyo ushahidi wa mapato ulio rahisi kuliko wote kuonyesha kwa mkopeshaji.

Hatua ya nne: kuweka karatasi sawa

Kikundi kiwe na katiba, cheti cha usajili kutoka halmashauri, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, TIN, na vitambulisho vya taifa vya wanachama. Kwa mikopo ya halmashauri, kikundi cha wanawake au vijana kiwe na wanachama wasiopungua watano. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake. Muhtasari wa kikao uonyeshe kwamba wanachama walikubaliana kukopa, kiasi gani na kwa kazi gani, na kila mmoja awe amesaini mwenyewe. Majina yafanane kila mahali: anayeitwa Mwajuma kwenye kitambulisho asiandikwe Mwaju kwenye katiba. Tofauti ndogo kama hizo hurudisha maombi nyuma kuliko udhaifu wa mradi wenyewe, na inasikitisha kuona kazi ya miezi mitatu ikikwama kwa herufi mbili.

Hatua ya tano: andiko la mradi na ratiba ya marejesho

Andiko lisizidi kurasa tano. Lianze na hasara mliyoipima, lifuate kifaa kitakachoiziba, kisha gharama, kisha marejesho. Historia ndefu ya kikundi na maneno makubwa kuhusu mapinduzi ya viwanda yaondoeni.

Turudi kwenye mfano. Kikundi kinaandika mahitaji yake hivi: mizani shilingi 900,000, ikiwa pamoja na uhakiki, tableti ya kumbukumbu 450,000, programu kwa miezi 12, kwa 20,000 kila mwezi, 240,000, betri ya akiba ya umeme 210,000, mafunzo 200,000. Jumla ni shilingi 2,000,000. Mkopo huu ukirejeshwa kwa miezi 12, kila mwezi mtadaiwa takribani 167,000. Kwa haraka mtu ataona kuwa 270,000 inayookolewa inatosha na kubaki. Lakini fedha hiyo huokolewa katika miezi mitano ya msimu tu. Alizeti ya Singida huanza kuingia kiwandani baada ya mavuno, kuanzia takribani mwezi Mei, na mwisho wa mwaka mashine nyingi husimama kwa kukosa mbegu. Kwa mwaka mzima kifaa kitaokoa 1,350,000, deni ni 2,000,000, na pengo ni 650,000.

Hapo kuna njia mbili za uaminifu. Ya kwanza ni kupunguza mkopo hadi kufikia kile ambacho hasara iliyozibwa inaweza kulipa: mizani na tableti peke yake ni 1,350,000 kamili, jedwali la hesabu litachukua nafasi ya programu, na mafunzo mtayaomba SIDO au mtamtumia kijana wa kikundi aliyesoma kompyuta chuo cha ufundi cha VETA. Njia hii haiachi akiba hata shilingi moja, kwa hiyo kikundi kiwe na chanzo kingine, kama mauzo ya mashudu, cha kushikilia mwezi mbaya. Njia ya pili ni kuomba marejesho ya misimu miwili, endapo mkataba unaruhusu. Misimu miwili itaokoa 2,700,000. Mkiondoa deni la 2,000,000 na ada ya programu ya mwaka wa pili, 240,000, mtabaki na 460,000. Mimi ningechagua ya kwanza kwa kikundi ambacho hakijawahi kukopa, hata kama halmashauri iko tayari kutoa zaidi.

Kwa njia yoyote, chora ratiba ya marejesho mwezi kwa mwezi na uiambatanishe. Onyesha waziwazi kwamba kuanzia Mei hadi Septemba kikundi kitaweka kiasi kikubwa kwenye akaunti na kwamba miezi isiyo na kazi italipwa kutoka kwenye akiba hiyo. Kama mnaweza kukubaliana na halmashauri kwamba rejesho la miezi ya msimu liwe kubwa na la miezi mingine liwe dogo, liandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo ya ofisini haitawasaidia afisa akihamishwa.

Hatua ya sita: kuwasilisha na kufuatilia

Maombi ya mkopo wa halmashauri huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki unaosimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Hakikisheni namba ya simu iliyowekwa kwenye mfumo ni ya mtu anayepatikana na asiyebadilisha laini. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na kwa kuwa fedha hizi zinatokana na mapato ya ndani, hutoka kadiri halmashauri inavyokusanya. Mkitaka vifaa viwe vimefika kabla ya mavuno ya Mei, anzeni wiki nne za kupima katika msimu uliotangulia na muwe na andiko tayari ifikapo Oktoba. Anayeanza kuandika mwezi Machi atapokea mizani msimu ukiwa umekwisha, na ataanza kulipa deni kabla ya kupima gunia la kwanza.

Hakuna ada ya kupitishiwa maombi. Malipo yoyote halali ya serikali hufanyika kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, na hayaingii kwenye simu ya mtu binafsi. Ukiombwa fedha ya mkononi ili jina la kikundi lipande juu, kataa na utoe taarifa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Najua kukataa kunaogopesha pale mtu anaposhikilia faili lenu. Nendeni wawili au watatu, msiende mmoja.

Hatua ya saba: fedha ikiingia

Nunueni kile kilichoandikwa, kwa muuzaji aliyeandikwa, na mchukue risiti ya EFD siku hiyohiyo. Pigeni picha ya kifaa na namba yake ya utambulisho, muiweke pamoja na risiti. Wakaguzi wakija, mambo hayo mawili humaliza mazungumzo kwa dakika tano.

Kwa mwezi wa kwanza endesheni daftari la zamani na mfumo mpya kwa pamoja. Kila jioni watu wawili walinganishe jumla. Zikitofautiana, tafuteni sababu kabla ya kulala. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayowafanya wazee wa kikundi waamini namba za kwenye tableti, na bila imani yao mfumo utaachwa mara tu kijana anayeujua atakapoondoka. Wafundisheni watu watatu, angalau mmoja awe anayefanya kazi kwenye mizani kila siku.

Mkianza kuandika majina ya wakulima, namba zao za simu na kiasi walichouza, mmeshaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwambieni mkulima kwa nini mnaichukua namba yake, wekeni neno la siri kwenye tableti, msimpe mfanyabiashara mwingine orodha hiyo, na mfuate utaratibu wa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Orodha ya wakulima wa kijiji kizima na mauzo yao ni siri ya riziki za watu.

Kwa wale ambao wameshakua na wanatengeneza hesabu kamili za kodi, kompyuta na vifaa vya kuchakata taarifa vina kiwango cha uchakavu cha asilimia 37.5 kwa mwaka katika sheria ya kodi ya mapato, na hiyo hupunguza faida inayotozwa kodi. Wanaolipa kodi ya makadirio hawapati nafuu hii, kwa kuwa kodi yao hukokotolewa kwa mauzo.

Hatua ya nane: serikali kama mnunuzi

Kuna fedha za umma ambazo hazirejeshwi, na vikundi vingi havizifikirii: fedha ambazo serikali hulipa inaponunua. Sheria inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya bajeti zao za ununuzi kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni hizo zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, ulioanza kutumika mwaka 2023, na asiyejua kutumia mtandao hawezi kuziona.

Kikundi cha ushonaji chenye usajili, akaunti, TIN, risiti za EFD na kumbukumbu za uzalishaji za miezi sita kina karibu kila kitu kinachohitajika kujisajili humo na kuomba kazi ya sare. Kiwanda cha alizeti chenye namba za lita kwa kila siku kinaweza kumwambia mnunuzi wa shule ya bweni, bila kubahatisha, kwamba kitaleta lita kadhaa kila mwezi hadi Desemba. Kabla ya kuomba zabuni, hata hivyo, angalieni kama mna mtaji wa kununua malighafi huku mkisubiri kulipwa, kwa kuwa malipo ya serikali yanaweza kuchelewa ilhali rejesho la mkopo wenu halitasubiri. Anzeni na oda ndogo ambayo hata ikichelewa kulipwa kwa miezi mitatu haitawagusa kwenye rejesho, na mkilipa shilingi ya mwisho ya mkopo, ombeni halmashauri barua ya kuthibitisha kwamba kikundi hakidaiwi, muihifadhi pamoja na katiba.